Bei ya Kungoja

Mtu akitaka kuijua hali ya fedha ya mkulima wa Mbingu asimwulize ana kiasi gani. Amwulize huu ni mwezi gani. Maana mkulima yule yule ambaye mwezi wa Julai hupita barabarani na shati jipya, akawaagizia wenziwe soda pasipo kuombwa, ndiye ambaye mwezi wa Februari, mto Kilombero ukiwa umefura, mbuga zimekuwa maji matupu na njia ya kwenda Ifakara imegeuka tope, huonekana magharibi akibisha hodi kwa jirani, kibaba amekificha chini ya koti, asitake kuonwa na mtu. Baina ya miezi hiyo miwili hakuibiwa, hakulewa, wala hakucheza kamari. Amepitiwa na mwaka tu, na mwaka wa bonde hili una tabia ya kumpa mtu vitu vyote kwa mara moja, kisha kumdai kimoja kimoja.

Mbingu imekaa chini ya milima ya Udzungwa, reli ya TAZARA ikipita karibu nayo katika safari yake ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, na mbele yake bonde limetandaa hadi vilima vya Mahenge upande wa pili. Udongo ni mwema, mvua ni nyingi, na mtu asiyewahi kukaa huko hushangaa kusikia kwamba katika nchi yenye maji na rutuba kiasi hicho wako watu wanaolala na njaa. Lakini mpunga hupandwa mvua zikishika, baina ya Desemba na Januari, na huvunwa toka Mei hadi Julai. Na katika muda huo wa kati, ambapo shamba linataka palizi na ghala halina kitu, ndipo shule zinapofunguliwa, ndipo homa za masika zinapowaangusha watoto, na ndipo kilo ya mchele inapokuwa ghali. Serikali ilifuta ada katika shule zake hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, jambo jema lisilo shaka. Walakini sare, madaftari, godoro la bweni na nauli havikufutwa, na vyote vinatakiwa Januari. Neema na dhiki za bonde hili zimepangwa na mvua. Bei zimepangwa na watu wanaoijua vizuri ratiba ya mvua.

Tuseme mzazi anahitaji shilingi 40,000 katikati ya Januari, naye hana cha kuuza isipokuwa mpunga ambao ndio kwanza umeota. Anamwendea mwenye duka, wanasalimiana vizuri, wanaulizana hali za wazee, kisha anapewa hizo 40,000 zake kwa ahadi ya gunia moja la mpunga wakati wa mavuno. Juni inafika, gunia linauzwa 80,000. Aliyetoa arobaini amerudishiwa themanini kwa miezi 5, yaani ongezeko la asilimia 100, au asilimia 20 kwa kila mwezi. Na Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, ambao wengi wetu huuona kuwa mkubwa hata hivyo. Tena gunia lenyewe ni la lumbesa: limejazwa hadi mdomoni, kisha likashonewa kichwa cha kamba kinachobeba debe zima au zaidi juu ya ujazo wake, ilhali sheria ya vipimo haitaki gunia la mazao lizidi kilo 100. Hapakutiwa saini karatasi yoyote, wala neno riba halikutamkwa, na mkopaji aliondoka akishukuru, kwa sababu kweli alisaidiwa: mtoto amekwenda shule.

Jambo hili si la Kilombero peke yake. Huko Kagera mkulima huuza kahawa ingali ua juu ya mti, na biashara hiyo ina jina lake, butura. Kusini kwenye korosho kuna kangomba, wanunuzi wa pembeni wenye vipimo vyao wenyewe. Viongozi hupiga marufuku msimu baada ya msimu, na biashara huendelea, kwa kuwa marufuku hukataza mapatano pasipo kuiondoa haja iliyoyazaa.

Nimepata kuhudhuria semina za elimu ya fedha ambamo mwalimu kutoka mjini, kijana nadhifu mwenye nia njema, huwafundisha wakulima kuandika mapato upande huu na matumizi upande ule, kisha huwasihi wapunguze matumizi yasiyo ya lazima. Wasikilizaji huandika kwa adabu. Sijui yeye alidhani waache lipi, chumvi au kiberiti. Mkulima aliyeuza gunia lake Januari kwa nusu ya bei aliijua hesabu yake barabara; angeweza kukutajia hasara yake hadi shilingi ya mwisho, na tena akakuhesabia na debe la lumbesa. Maarifa ya kujumlisha na kutoa hayakumpungukia. Alichopungukiwa ni nafasi ya kungoja miezi 5, na nafasi hiyo aliinunua kwa mtu aliyekuwa nayo, kwa bei aliyopangiwa. Hii ndiyo rai yangu, na yote nitakayoyasema baada ya hapa yametoka humo: kwamba usalama wa fedha wa mtu wa kipato kidogo ni uwezo wake wa kungoja, na kwamba elimu ya fedha isiyomwongezea uwezo huo ni mazungumzo mazuri ya alasiri.

Wala ulazima huu wa kuuza kabla ya wakati si maumbile ya nchi. Fedha ilipoanza kutawala maisha ya watu wa bara ilikuja na tarehe yake. Wadachi walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa kibanda cha shamba, hawakuuliza mpunga uko ghalani au bado uko majini. Siku ya kodi ilikuwa ya serikali, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa mazao au kwa jasho. Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905 na kufika Mahenge, kodi hiyo ilikuwa mojawapo ya machungu yaliyovilisha. Waingereza nao waliendelea na kodi yao. Baada ya uhuru ilikuja zamu ya ushirika, na ushirika ukavunjwa mwaka 1976, ukarudishwa 1982. Na kwa miaka mingi nafaka ya mkulima ilinunuliwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, lile NMC la wazee wetu, kwa bei iliyopangwa na serikali, na mara nyingi kwa malipo ya baadaye, mkulima akarudi nyumbani na karatasi mahali pa fedha. Kwa hiyo mwanadamu wa bonde hili amewangoja wengine mara nyingi sana katika umri wake. Wengine kumngoja yeye, hilo hajalizoea.

Methali yasema akiba haiozi. Aliyeitunga hakukaa Kilombero wakati wa masika. Mpunga usiokauka vizuri huota ukungu ndani ya gunia, panya wana ghala lao ndani ya ghala lako, na dumuzi wakiingia katika mahindi hubaki unga usiofaa hata kwa kuku. Fedha nayo huoza, kwa namna yake. Shilingi yetu ilipozaliwa mwaka 1966 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa shilingi 7 na senti chache. Mwaka 1986 kwa mkupuo mmoja dola iliruka toka shilingi 17 hadi 40. Leo ni zaidi ya 2,000. Mzee aliyezika noti zake miaka ya sabini ili zimzike yeye hapo baadaye aliacha bei ya soda. Fauka ya hayo, noti zenyewe hufa: Benki Kuu iliwapa wananchi kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 kubadilisha noti za zamani zilizotolewa baina ya 1985 na 2003, na baada ya siku hiyo aliyekuwa nazo chini ya godoro alibaki na picha za wanyama.

Basi mtu aweke wapi? Wafugaji waliohamia bondeni na makundi yao husema ng'ombe ndiye benki, na kwa kiasi wana haki, kwa kuwa ng'ombe huzaa na noti hazizai. Lakini mwishoni mwa mwaka 2012 ilifanyika operesheni ya kuondoa mifugo katika bonde, na watu walilazimika kuuza kwa haraka kile walichokuwa wamekiweka kwa subira ya miaka. Benki nazo si ngome. Mwezi wa Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki 5 kwa pamoja, miongoni mwao ya wananchi wa Njombe, ya wananchi wa Meru na ya ushirika wa wakulima wa Kagera, na mwenye amana aliyeweka zaidi ya shilingi milioni 1.5 hakuwa na hakika ila ya hiyo milioni 1.5 iliyokuwa na kinga ya Bodi ya Bima ya Amana. Kinga hiyo sasa imepandishwa hadi milioni 7.5, nayo yatosha kwa karibu kila mtu ninayemjua Mbingu. Lakini ni watu wangapi wenye akaunti waliopata kuambiwa na karani wao kwamba kinga hiyo ipo? Huko ndiko ningependa semina zianzie.

Na hapa niseme neno moja kwa ajili ya mabati, maana yamesingiziwa sana. Mgeni akiona baada ya mavuno mazuri nyumba za udongo zimeng'aa kwa mabati mapya husema watu hawa wamefanya israfu, wangewekeza. Hajaona kilicho chini ya bati. Nyumba ya nyasi inayovuja haihifadhi mpunga hadi Februari; mwenye nyumba hiyo atauza Juni apende asipende, kwa sababu kila siku ya kuchelewa ni siku ya ukungu na ya hatari ya moto. Mwenye bati, na kichanja kilichoinuliwa kutoka ardhini, na magunia yaliyokaushwa juani hadi punje ikilia chini ya jino, yeye anaweza kumwambia mnunuzi, "Karibu tena mwezi ujao." Bati ni rasilmali iliyonunua miezi. Sisemi vivyo hivyo juu ya pikipiki, ambayo nimeiona ikinunuliwa kwa fedha za mavuno na kuuzwa kwa fedha za dawa.

Chombo kingine cha kununua miezi ni sanduku la VICOBA. Mtindo huu wa vikundi vya akiba vilivyo na sanduku lao wenyewe ulianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, ukafika Zanzibar, kisha ukaenea bara katika miaka ya mwanzo ya karne hii, na leo ni shida kupata kijiji kisicho nao. Niliwahi kukaa pembeni katika kikao cha kikundi kimoja cha namna hiyo, akina mama wengi na wanaume wachache chini ya mwembe. Sanduku ni la chuma, rangi ya kijani, lina kufuli 3; wenye funguo ni watu watatu wa nyumba mbalimbali, na anayelala na sanduku si mmoja wao. Kabla ya kulifungua karani aliuliza salio la kikao kilichopita ni kiasi gani, na watu wote wakaitika kwa sauti moja, tarakimu kwa tarakimu, wakiwemo bibi wawili ambao vitabu vyao vya hisa hushikwa kichwa chini miguu juu. Kwa kuwa asiyesoma hukumbuka, na salio linalokumbukwa na watu 30 haliibwi kwa kalamu. Kisha hisa zikanunuliwa, kila hisa muhuri mmoja kitabuni. Mfuko wa jamii ukachangiwa kando, kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Aliyechelewa akatozwa faini, akalalamika, akalipa. Baadaye wakaja waombaji wa mikopo, na kila mmoja alisimama akaeleza fedha atazifanyia nini mbele ya watu wanaomjua yeye, mumewe, shamba lake na madeni yake ya nyuma. Hakuna benki nchini yenye ripoti ya mkopaji iliyo kamili kiasi hicho.

Siku ile mjadala mkali ulikuwa juu ya tarehe ya kuvunja, yaani siku ya kugawana akiba na faida ya mwaka. Vikundi vingi hupenda kuvunja Desemba, kabla ya Krismasi, watu wapate kitenge na kitoweo. Bibi mmoja akaomba nafasi. "Mwenyekiti," alisema, "mimi sikusoma, wanangu mnanijua. Lakini Krismasi huja nikiwa na mchele wangu mwenyewe ndani. Shule huja nikitafuta hela ya watu. Tuvunje shule ikikaribia kufunguliwa." Pakawa na minong'ono, maana nguo mpya ni jambo la heshima na vijana walikwisha ahidi watoto. Mwekahazina, mwanamume wa makamo, akasema, "Bibi amenena, ila tukilala na hela hadi Januari, nani atailinda?" Wakabishana kwa muda mrefu. Sikukaa hadi mwisho, lakini kwa maoni yangu hapakuwa na somo la fedha la kupita lile: mtu asiyejua kusoma aligundua kwamba shilingi 100,000 za Desemba na shilingi 100,000 za Januari si fedha moja, kwa sababu ya pili humwokoa asiuze mpunga wa majani.

Vikundi hivi sasa vimetiwa katika Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo imewapanga watoa huduma kwa madaraja 4 na kuviweka vya kijamii katika daraja la mwisho, vikitakiwa kujiandikisha. Wako wanaonung'unika juu ya usumbufu. Mimi sina ugomvi na kujiandikisha. Nina ugomvi na wale wanaofika kikundi kikisha andikishwa, wakiwa na mabango na fulana, wakitaka kugeuza sanduku kuwa mlango wa kupitishia mikopo mikubwa kuliko hisa za wenyewe. Kikundi kinachokopeshana jasho lake hudaiana kwa haya na kwa huruma. Kikishapewa fedha za mbali, huruma hukoma.

Sitaki kuonekana kama mtu asemaye kwamba aliyengoja hupata daima. Mwaka 2013 ni ushahidi wa kunikana. Bei ya mchele ilikuwa imepanda, serikali ikaruhusu mchele wa ng'ambo kuingia bila ushuru ili kuwapoza wanunuzi wa mjini, na bei za bondeni zikaanguka. Wakulima waliokuwa wameweka mpunga kwa matumaini ya bei nzuri, na hata lile shamba kubwa la Mngeta lenye mashine na wataalamu wake, wote wakakuta soko limewageuka. Mwenye uwezo wa kungoja amenunua hiari, hakununua yakini. Kwa sababu hiyo wenye busara miongoni mwa wazee wa huko hawangojei na vyote: sehemu huuzwa mapema kulipa vibarua na madeni, sehemu huwekwa hadi mvua, na sehemu haiuzwi kabisa, hata mnunuzi aje na noti mpya. Stakabadhi ghalani, iliyowekewa sheria yake mwaka 2005, ilikusudiwa kuutia utaratibu huu katika karatasi, mkulima aweke mzigo katika ghala lenye leseni, apate cheti, na cheti hicho aweze kukiweka rehani benki huku mpunga ukisubiri bei. Ni wazo tukufu. Hufaulu pale penye ghala kavu, mizani ya kweli na malipo ya haraka, na pakikosekana kimoja katika vitatu hivyo mkulima humrudia mwenye duka.

Ile sehemu isiyouzwa yahitaji hesabu, na hesabu hiyo nimeona wanawake wakiifanya vizuri zaidi ya waume zao. Nyumba ya watu 6 inayokula, tuseme, kilo 2 za mchele kwa siku, toka mwisho wa Julai hadi mavuno mengine, siku 300 na ushei, itakula zaidi ya kilo 600. Na gunia la mpunga la kilo 100 likikobolewa hutoa mchele kama kilo 60 au zaidi kidogo. Basi ni magunia 10, ukipunguza kwa ndizi, ugali na magimbi labda 7, na juu yake mbegu ya mwaka ujao. Mtu akiyatoa magunia hayo kwanza, kabla ya kuita mnunuzi, akayaweka upande wa ndani na ziada peke yake ikabaki karibu na mlango, amekwisha pata bima ambayo hakuna kampuni itakayomwuzia. Ila nyumba nyingi haziketi kuihesabu pamoja. Mume anajua bei ya gunia na hamwambii mke. Mke anajua magunia yaliyobaki na hamwambii mume. Mume ana deni dukani, mke ana deni kwenye kikundi, na kila mmoja hulipa kwa siri kwa mpunga ule ule. Nimeona ndoa njema ambazo hazijapata kuzungumza habari ya fedha ila siku ya ugomvi, na sidhani kwamba siri hii inamlinda yeyote isipokuwa mwenye duka.

Kwa vijana mwenye duka amehamia katika simu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na faida yake sikatai, kwa maana mtoto aliye Dar es Salaam humtumia mama yake nauli ya hospitali kabla ya chai kupoa. Lakini kutumiwa fedha kwa dakika moja kumetuzoesha kukopeshwa kwa dakika moja, na ndipo ilipotokea ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu: riba ya siku au ya wiki, na asiyelipa majina yaliyomo katika simu yake hufunguliwa, wakwe zake wakatumiwa ujumbe wa kumwaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Kabla ya hapo tuliwahi kuwaona wenye upatu wa DECI, waliofungiwa mwaka 2009, ambao walijua wanasema na taifa la wakulima: mtu hakuambiwa aweke fedha, aliambiwa apande mbegu, akaahidiwa kuvuna mara mbili na zaidi. Mkulima wa kweli angepaswa kuuliza mbegu hiyo imepandwa katika udongo gani. Aliyeuliza alijibiwa kwa maandiko matakatifu, na mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu za wa mwisho.

Nimeiacha kokoa hadi sasa kwa sababu ndiyo mtihani ulio mpya. Tangu mwaka 2013 kampuni ya Kokoa Kamili imeweka makao Mbingu, ikinunua kwa wakulima wadogo kokoa mbichi, yaani mbegu zilizotoka sasa hivi katika tunda, zimevikwa utelezi mweupe wenye harufu tamu na chachu kidogo, zikiletwa kwa ndoo na kupimwa. Kisha yenyewe huzichachua katika masanduku ya mbao, huzianika, na kuzipeleka kwa watengenezaji wa chokoleti wa nje, kama Dandelion wa San Francisco, ambao huandika jina la Kokoa Kamili juu ya karatasi ya chokoleti yao. Uzuri wa zao hili kwa mtu wa bonde ni kwamba halitoki lote kwa siku moja. Matunda huiva kwa zamu, na kila ndoo huleta fedha kidogo katika majira ambayo mpunga hauna la kusema. Kisha bei ya dunia ikafanya jambo lisilopata kuonwa. Ghana na Kodivaa, ambazo pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kokoa ya ulimwengu, zilipatwa na mvua mbaya na maradhi ya miti, na tani iliyokuwa ikiuzwa kama dola 2,500 mwaka 2022 ikapita dola 12,000 mwezi wa Desemba 2024. Katika mwaka 2025 ikashuka tena hata chini ya nusu ya kilele chake.

Mvua iliyoharibika upande mwingine wa Afrika ikawa neema chini ya Udzungwa, na mvua ikitengenea huko neema huondoka. Hakuna mtu wa Mbingu aliyeulizwa shauri katika lolote la hayo. Namna mtu alivyotumia miaka ile miwili ndiyo elimu yake ya fedha, kuliko cheti cha semina yoyote. Wako walioihesabu ile bei kuwa mshahara, wakakopa juu yake. Wako walioihesabu kuwa zawadi: wakamaliza deni la dukani, wakaezeka ghala, wakanunua hisa hadi ukomo wa katiba ya kikundi, na mpunga wao Januari hiyo haukuuzwa mbichi kwa mara ya kwanza. Na wako, nao si wachache, waliong'oa migomba na kupunguza mashamba ya mpunga wapande kokoa peke yake. Mkokoa huchukua miaka 3 au 4, na mara nyingine 5, kabla ya kuanza kuzaa. Miche iliyotiwa ardhini kwa pupa ya 2024 itatoa matunda yake ya kwanza kuanzia 2027, kwa bei ambayo itapangwa na mvua ya Ghana. Na mpaka wakati huo wenye mashamba hayo watahitaji magunia 7 kila mwaka, ambayo kwa sasa watayanunua Februari.